Galari mbili za nchi mbili zikiuza mchoro wako, we unamdai nani?

Tangu Tanzania ipeleke wasanii Venice, Italia, mwaka 2024, kwa mara ya kwanza nchi ikiwa na sehemu yake kwenye ile bienale, yale maonyesho makubwa ya sanaa ya kila baada ya miaka miwili, maneno yamekuwa mengi hapa Bagamoyo. Wanaochora pale India Street, vijana wanaotoka TaSUBa, chuo chetu cha sanaa, hata wanaotembeza watalii Kaole, kila mtu ana lake. Mmoja anakwambia galari za Ulaya zimeungana na za Afrika kupanga bei ya kazi zetu. Mwingine anasema fulani kachukuliwa na galari ya nje saa hizi anaogelea kwenye hela, halafu huyo fulani unamkuta yuko palepale anadaiwa kodi ya chumba. Wa tatu hataki kusikia kabisa, kwake galari ikichukua asilimia 50 huo ni wizi wa mchana kweupe, na zikiwa mbili basi ni wezi wawili.

Kila neno hapo lina ukweli kidogo ndani yake, ndo maana watu wanachanganyikiwa. Tuyapange.

Galari kwanza. Tusiichanganye na duka la picha, japo zote zina picha ukutani. Dukani mtalii anapita, anapenda twiga, analipa, anaondoka, hamjuani tena. Galari inafanya kazi na msanii mwenyewe: inachagua wachache, inawafanyia maonyesho, inapiga picha kazi zao vizuri, inaandika habari zao, inatafuta wanunuzi wanaokusanya sanaa miaka na miaka, na inajitahidi bei ya msanii wake ipande pole pole isije ikaporomoka. Kazi yako hainunui. Inachukua mali kauli, mzigo unabaki wako, ukiuzwa mnagawana, usipouzwa unarudishiwa. Mgawo uliozoeleka kwenye galari nyingi duniani ni nusu kwa nusu.

Hiyo nusu inayopigiwa kelele ndani yake kuna kodi ya jengo, mishahara, taa, fremu, soda na divai za siku ya ufunguzi, na ile miezi ambayo hakijauzwa kitu. Mi naona nusu ni haki kama hizo kazi zinafanyika kweli. Wapo wanaojiita galari ambao wana ukurasa wa Instagram na namba ya WhatsApp tu, nao wanataka nusu hiyohiyo. Hao kaa nao mbali.

Sasa zikiwa mbili inakuwaje? Chukua madalali wa nyumba hapahapa mjini, tuseme Magomeni au Dunda. Dalali wa kwanza ana nyumba, anajuana na mwenye nyumba, funguo anazo yeye. Mpangaji anatoka Dar kampigia dalali mwingine kabisa, ambaye nyumba hana ila mteja anaye. Wanapigiana simu, mteja anapelekwa, akikubali ile hela ya udalali ya mwezi mmoja wanagawana wao kwa wao. Mwenye nyumba hapunguziwi kodi yake na mpangaji halipi udalali mara mbili, au ndo inavyotakiwa iwe, maana madalali wetu tunawajua. Galari nazo ni hivyohivyo. Iliyo karibu na msanii, iliyomlea na inayotunza kazi zake, wenyewe kwenye biashara wanaiita galari mama. Ile ya nchi nyingine yenye wateja ni galari mwenyeji. Mama ana kazi, mwenyeji ana wanunuzi.

Na kwa nini wavuke mipaka, si wauze hapahapa? Kwa sababu hela iko kule. Art Basel, wenye maonyesho makubwa ya biashara ya sanaa, pamoja na benki ya UBS hutoa ripoti ya soko la sanaa kila mwaka, na kwa mwaka 2024 walikadiria mauzo ya dunia nzima kuwa dola bilioni 57.5. Marekani peke yake ilibeba asilimia 43, Uingereza 18, China 15. Nchi tatu robo tatu ya soko, dunia yote iliyobaki inagombania robo. Halafu mauzo hayo yalikuwa yameshuka asilimia 12 kutoka mwaka uliotangulia, na soko likishuka galari ndogo ndo zinaumia, kwa hiyo msione wanakumbatiana kwenye picha mkadhani ni mapenzi, wanabana matumizi. Kukodi banda kwenye maonyesho makubwa kama Art Basel kunafika makumi elfu ya dola, bado hujasafirisha kazi, hujakata bima, hujalipa hoteli. Galari mbili zikichangia banda moja kila mtu analala na nusu ya deni.

Namna za kushirikiana ziko nyingi, nitaje zile unazoweza kukutana nazo. Kuna ya kukaribishana ukumbi: mwaka 2016 Vanessa Carlos wa galari ya Carlos/Ishikawa ya London alianzisha mpango unaoitwa Condo, galari za mji ule zinaachia sehemu ya ukumbi wao kwa galari za nje, mgeni anaonyesha wasanii wake bila kuingia gharama za banda, na baadae mpango ukafika New York, Mexico City na Shanghai. Kuna ya mtandaoni, kama South South iliyoanzishwa 2021 wakati wa korona na Liza Essers wa Goodman Gallery ya Johannesburg, galari za Afrika, Asia na Amerika ya Kusini zikaweka kazi zao sehemu moja badala ya kila mtu kupiga kelele peke yake. Na kuna ya kumsimamia msanii mmoja kwa pamoja, huyu ana Afrika Mashariki, yule ana Ulaya. Hii ya mwisho ndo inamgusa zaidi mchoraji wa Bagamoyo kwa sababu inakaa miaka, siyo wiki mbili.

Mfano wa karibu ni Sungi Mlengeya. Mtanzania, alikuwa anafanya kazi benki, akaacha akachora. Anachora wanawake weusi kwenye kanvasi nyeupe tupu, nguo nyeupe zinapotelea kwenye weupe wa nyuma unabaki unaona uso, shingo, mikono. Galari inayomsimamia ni Afriart ya Kampala, ya Daudi Karungi, iliyoanza 2002. Kazi zake zikapita kwenye maonyesho ya biashara ya sanaa Cape Town, na mwaka 2022 The Africa Centre ya London, ambacho ni kituo cha utamaduni, ikamfanyia maonyesho yake peke yake. Angalia njia ilivyopita: Mtanzania, Kampala, Cape Town, London. Watu wanakaa wanasubiri mzungu ashuke na ndege aje awagundue pale karibu na forodha ya zamani, kumbe aliyefungua njia ni jirani ambaye basi la kwenda kwake lipo.

Ushirikiano tusiuchanganye na tawi. Goodman ilianza Johannesburg 1966 na mwaka 2019 ikafungua London, Addis Fine Art nayo ilianza Addis Ababa ikafungua na London. Hapo mwenye mali ni yuleyule, mkataba mmoja. Kwenye ushirikiano wenye mali ni wawili, na hapo ndo hesabu inapoanza kuwa na kona.

Tupige hesabu sasa

Tuseme mchoro una bei ya dola 2,000 ukutani, galari mama iko Dar, mwenyeji iko London. Mteja anaomba apunguziwe, na huko kupunguza asilimia 10 kwa mteja mzuri ni jambo la kawaida, makumbusho huwa wanaomba zaidi. Kwa hiyo imelipwa 1,800.

Mkataba wa kwanza unasema msanii apate nusu ya kilicholipwa, mwenyeji asilimia 40, mama 10. Msanii 900, London 720, Dar 180. Safi.

Mkataba wa pili unasema punguzo ni mzigo wa galari, msanii anahesabiwa bei ya ukutani. Hapo unapata 1,000 yako kamili na wao wawili wanagawana 800.

Mkataba wa tatu umeandikwa kiujanja, au tuseme kizembe tu. Unasema mwenyeji atachukua nusu, na kinachofika kwa galari mama "kitagawanywa sawa kati yake na msanii". Soma tena taratibu. London 900. Dar wanapokea 900, wanachukua 450. Wewe uliyechora unabaki na 450.

Mchoro mmoja, mteja mmoja, bei moja, na wewe kulingana na sentensi moja tu kwenye karatasi unaondoka na 1,000 au na 450, halafu bado kuna mkataba unaoanza kwa kukata usafiri na fremu kabla ya kugawana, kwa hiyo hata ile 450 inaweza kuliwa na bomba la kusafirishia. Kwa hiyo ukisikia mtu anauliza "wanachukua asilimia ngapi" ujue kauliza nusu ya swali. Asilimia ya nini, baada ya kutoa nini, na punguzo analibeba nani.

Mambo yanayosemwa kijiweni

Kwamba msanii akiuzwa mnadani kwa mamilioni basi yeye katajirika. Hapana. Mwaka 2020 mchoro wa Amoako Boafo wa Ghana uliuzwa kwenye mnada wa Phillips London kwa pauni 675,000, wakati wenyewe Phillips walikadiria pauni 30,000 hadi 50,000. Aliyeupeleka mnadani hakuwa Boafo, alikuwa mtu aliyeununua kabla. Hela ya mnada inakwenda kwa mwenye mali wa wakati huo na kwa kampuni ya mnada. Uingereza tangu 2006 kuna sheria inayompa msanii kipande kazi yake ikiuzwa tena kupitia wafanyabiashara wa sanaa, inaanzia pauni 1,000, asilimia 4 kwenye sehemu ya kwanza ya bei halafu inapungua, na haizidi pauni 12,500 hata mchoro uuzwe bei gani, lakini haki hiyo wanapewa raia wa nchi ambazo nazo zina sheria ya namna hiyo, siyo kila msanii duniani.

Kwamba Venice ni soko. Bienale ni maonyesho, nchi zinaonyesha, hakuna kibao cha bei ukutani. Anayeenda Venice anarudi na jina, na jina hilo ndo galari inakuja kulifanyia biashara kwenye maonyesho kama 1-54, yaliyoanzishwa London mwaka 2013 na Touria El Glaoui kwa ajili ya sanaa ya Afrika tu. Wanaposema fulani kaenda Venice kwa nini bado anapanda bodaboda, jibu ndo hilo.

Kwamba galari zinapanga bei. Hili ni kweli, ila siyo kwa maana wanayoisema. Galari mbili zinazomshika msanii mmoja lazima ziwe na bei moja, mchoro wa ukubwa fulani uwe na bei ileile Dar na London, la sivyo mteja wa London atakata tiketi aje anunue Dar kwa bei ndogo. Hapa sasa ndo Bagamoyo tuna shida yetu. Sisi tumezoea kurudia. Mtindo wa Tingatinga tangu mzee Edward Saidi Tingatinga aanze kuuza Dar mwishoni mwa miaka ya 60 umekua kwa wanafunzi kurudia picha za walimu, na hakuna anayeona aibu, ndo shule yenyewe na ndo riziki. Lakini mteja wa galari akishuka hapa kwenye likizo akakuta ule mchoro alioulipia dola 2,000 umening'inia kwenye kamba kwa shilingi elfu themanini, tena uko wa ndege mwekundu na wa ndege wa bluu, hapo galari mbili zinakufa siku moja. Simlaumu anayerudia, watoto wanakula. Nasema tu kazi ya galari na kazi ya barabarani zisifanane, hata sahihi ziwe tofauti kama ikibidi. (Halafu vile vibao vya bei kwa dola tuviondoe, kanuni za Benki Kuu za mwaka 2025 zinataka bei za humu nchini ziwe kwa shilingi.) Tangu George Lilanga, mchoraji na mchongaji wetu, afariki mwaka 2005 kazi zenye jina lake zimeendelea kuzagaa, nyingine halisi na nyingine za kutilia shaka, ndo maana galari za nje zikiona kazi ya Tanzania zinauliza kwanza cheti cha uhalisi na picha ya msanii akiwa na kazi yenyewe. Wasione ubaya wanaoulizwa.

Mzigo wenyewe unasafirije

Hapa wengi wanapoteza kazi nzuri kwa vitu vidogo. Kanvasi huwa tunaviringisha tunaweka kwenye bomba la PVC, sawa kabisa, ila nimeona watu wanaviringisha rangi ikiwa ndani wakidhani wanailinda. Ni kinyume chake. Rangi iangalie nje, karatasi laini isiyo na tindikali juu yake, bomba liwe nene siyo lile jembamba la maji. Rangi ya ndani inajikunyata na kupasuka mikunjo mikunjo, hasa hizi rangi za gloss za mafuta zinazokauka zikawa ngumu kama kigae. Galari mwenyeji ikifungua inaandika ripoti ya hali ya kazi, ikiona nyufa inapiga picha, na kuanzia hapo ubishi wa nani alipe unaanza. Wewe nawe piga picha zako kabla hujafunga, mbele, nyuma, pembe zote nne.

Ukitumia sanduku la mbao, mbao zake ziwe zimepashwa moto, nyuzi 56 mpaka kwenye kiini kwa dakika 30, na zigongwe muhuri wa kimataifa, kwa ajili ya wadudu. Fundi wa mtaani akikutengenezea sanduku zuri la mbao mbichi mzigo unaweza kugomewa bandarini.

Na forodha. Jedwali la forodha linalotumika karibu dunia nzima lina fungu la 9701 la michoro iliyofanywa yote kwa mkono. Uingereza mchoro wa namna hiyo ukiingia unatozwa kodi ya ongezeko la thamani asilimia 5, wakati bidhaa ya kawaida ni 20. Sasa ngoma uliyoichora simba, sinia, kisanduku, hata kama umekesha wiki nzima juu yake, fungu hilo limevitoa kwa maneno, vinahesabiwa bidhaa iliyopambwa kwa mkono. Kwa hiyo ukiwa na galari ya nje usichanganye ngoma na kanvasi kwenye karatasi moja ya mzigo, kila kimoja kiandikwe chake. Wachonga milango nao wajue kwamba mlango mpya wa nakshi ni biashara halali, ila wa zamani uliochongwa kabla ya mwaka 1940 unalindwa na Sheria ya Mambo ya Kale ya 1964, hautoki bila kibali, hata galari iwe kubwa vipi.

Sasa unamdai nani?

Nimeacha hili mwisho makusudi. Mteja wa London kalipa leo. Hela imeingia kwa galari mwenyeji, inasubiri siku thelathini pengine zaidi, inatumwa kwa galari mama, inasubiri tena, ndo inakuja kwako. Ikichelewa, kila mmoja anamnyooshea mwenzake kidole. Mwenyeji anasema nimeshatuma, mama anasema sijaona, na wewe hujawahi hata kusaini karatasi na huyo mwenyeji, namba yake huna. Kisheria mara nyingi huwezi kumdai mwenyeji, unamdai uliyesaini naye, yaani galari mama. Kwa hiyo kipengele cha kwanza cha kutafuta kwenye mkataba ni hiki: galari mama inawajibika kukulipa ndani ya siku ngapi tangu mteja alipe, na inawajibika hata kama mwenyeji hajatuma hela? Kama imeandikwa hivyo uko vizuri. Kama imeandikwa utalipwa "baada ya kupokea kutoka kwa mshirika" basi hatari yote umebebeshwa wewe.

Halafu kazi ambazo hazijauzwa. Mali kauli ni mali yako, lakini iko kwenye stoo ya mtu mwingine kwenye nchi nyingine. Galari ikifilisika wanaoidai wanakuja na malori, na hawajui ipi ni yako ipi ni yake. Jimbo la New York wana sheria inayosema kazi ya msanii iliyo galari kwa mali kauli, pamoja na hela ya mauzo yake, ni amana, siyo mali ya galari. Siyo kila mahali wana hiyo. Kwa hiyo orodha ya kazi iwe na picha, ukubwa, mwaka, bei, tarehe iliyotoka na tarehe ya kurudi, sahihi za pande zote, na nakala ibaki kwako, siyo kwenye simu tu.

Mwisho wa mkataba kabisa, kule ambako watu hawafiki, kuna mstari unaosema mgogoro utasikilizwa kwa sheria ya nchi gani. Ukikuta Uingereza au Marekani omba ubadilishwe iwe nchi ya galari mama, na galari mama zilizo serious huwa zinakubali bila ugomvi. Kudai dola 900 London utatumia zaidi ya hizo kwa wakili wa wiki ya kwanza. Ikiwa Dar unapanda daladala asubuhi, saa nne uko mlangoni kwao.